Mionzi ya Kanombe, siku za Butare

Tangu mwaka 2019 Rwanda inatibu saratani kwa mionzi ndani ya mipaka yake. Mashine ziko Kanombe, Kigali, kwenye Hospitali ya Kijeshi ya Rwanda, na kituo chenyewe kilizinduliwa rasmi mapema 2020. Kabla ya hapo mgonjwa aliyehitaji mionzi alipelekwa Kampala, baadaye Nairobi, au kama ana uwezo, India. Asiye na uwezo wala bahati alirudi nyumbani na vidonge vya maumivu. Kwa hiyo sina nia ya kuibeza Kanombe. Nina hoja moja tu, na hoja hiyo huonekana vizuri zaidi ukiwa huku Rusizi kuliko ukiwa Kigali: kwa mwanamume wa sekta ya Butare mwenye saratani ya tezi dume, tiba ya mionzi hupimwa kwa siku anazotakiwa kukaa mbali na kwake. Nchi ikishanunua mashine bila kuzipunguza siku hizo, imefanya nusu ya kazi.

Butare ninayoisema si ule mji wa chuo kikuu uliobadilishwa jina mwaka 2006 ukawa Huye. Wala si Butaro ya Burera, kaskazini, yenye hospitali ya saratani iliyofunguliwa 2012. Ni Butare ya wilaya ya Rusizi, Cyangugu ya wazee wetu, milimani upande wa Nyungwe. Mgonjwa akitoka huko hupanda pikipiki mpaka apate gari la Kamembe. Pale stendi ya mabasi anakata tiketi ya Kigali. Basi linaingia msituni, linatokea Nyamagabe, linapita Huye, Nyanza, Ruhango na Muhanga, ndipo Nyabugogo. Kutoka Kamembe peke yake ni zaidi ya kilomita 220, mwendo wa saa tano au sita kama hakuna mvua wala lori lililolala kwenye kona. Na Nyabugogo si mwisho, maana Kanombe iko upande wa pili wa jiji, karibu na uwanja wa ndege. RwandAir huruka kutoka Kamembe hadi Kigali kwa muda usiofika saa moja, lakini tusidanganyane, ndege ile haikuwekwa kwa ajili ya mkulima wa mihogo.

Sasa mpandishe kwenye basi hilo mtu ambaye tezi yake imevimba. Huyu huhisi haja ndogo kila baada ya muda mfupi, na akienda, mkojo unatoka kwa matone. Ndani ya Nyungwe basi halisimami ovyo, ni hifadhi ya taifa. Mzee anajua hilo, kwa hiyo tangu jana yake usiku hajanywa maji. Anafika hospitali midomo imemkauka, na jambo la kwanza analoambiwa ni: "Mzee, kunywa maji haya kwanza, kibofu kijae, ndipo tuanze."

Hawamfanyii mzaha. Kibofu kilichojaa husukuma utumbo mwembamba mbali na njia ya mionzi, na kikijaa kiasi kilekile kila mara, tezi hukaa mahali palepale ilipokuwa siku ya kupigwa picha za mpango. Haja kubwa nayo inatakiwa iwe imetoka, maana tezi dume imeegemea utumbo wa mwisho na gesi kidogo tu huweza kuisogeza. Siku ya kwanza mgonjwa hupigwa picha akiwa amelala kama atakavyolala siku zote, kisha huchanjwa vinukta vya wino kwenye ngozi, viwili ubavuni na kimoja mbele, vya kumpangia kitandani. Mwanafizikia wa tiba na daktari wa mionzi hukaa kwenye kompyuta wakichora mahali mionzi itakapoingilia na mahali isipopaswa kugusa. Siku ya tiba yenyewe kichwa cha mashine humzunguka, kinanguruma kidogo, na hakuna anachokisikia mwilini. Dakika chache baadaye anaambiwa amka, baba, vaa nguo, urudi kesho.

Hiyo "kesho" ndiyo ninayotaka tuizungumzie. Kwa utaratibu uliozoeleka dunia nzima kwa miaka mingi, saratani ya tezi dume iliyo bado ndani ya nyonga ilitibiwa kwa vikao 37 hadi 39, kikao kimoja kila siku ya kazi, Jumatatu hadi Ijumaa. Ni wiki saba na nusu, karibu nane. Mtu wa Kicukiro atatoka kwake asubuhi na saa nne atakuwa amesharudi. Mtu wa Butare hawezi kwenda na kurudi hata mara moja kwa siku. Kwake wiki nane ni chumba cha kupanga Kigali au sebule ya ndugu, ni chakula cha kununua, na mara nyingi ni mtu wa pili wa kumsindikiza ambaye naye ameacha kazi. Wiki nane kuanzia Septemba ni kipindi cha kupanda cha msimu A. Kuanzia Februari ni cha msimu B. Hata uchague lini, shamba litakudai.

Ndiyo maana mtu huweza kupewa rufaa, akashukuru, akaiweka karatasi kwenye mfuko wa shati, na asionekane tena. Tukisema amekataa tiba tutakuwa tumemwonea. Amepiga hesabu.

Sasa habari njema, ambayo nashangaa haizungumzwi kwa sauti kubwa zaidi: vikao vile 37 havikuwa lazima. Saratani nyingi zina seli zinazozaliana haraka, na kwa hizo mionzi kidogokidogo kwa siku nyingi huua saratani na kuipa ngozi na utumbo nafasi ya kujitibu. Seli za saratani ya tezi dume nyingi hukua polepole, na zinaonekana kuumizwa zaidi na dozi kubwa kwa mkupuo mmoja. Watafiti wa Uingereza walilipima jambo hilo kwa wanaume 3,216 katika utafiti ulioitwa CHHiP. Kundi moja lilipewa grei 74 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) kwa vikao 37, jingine grei 60 kwa vikao 20. Matokeo yalichapishwa 2016: baada ya miaka mitano, waliokuwa hawajarudiwa na ugonjwa walikuwa asilimia 88.3 katika kundi la vikao 37, na asilimia 90.6 katika kundi la vikao 20. Wiki nne zilifanya kazi ya wiki saba na nusu.

Sweden na Denmark walikwenda mbali zaidi, vikao saba dhidi ya 39, na mwaka 2019 wakatangaza kwamba baada ya miaka mitano makundi yote mawili yalikuwa sawa, asilimia 84. Halafu Oktoba 2024 utafiti wa PACE-B ukaonyesha kwamba kwa saratani isiyo kali vikao vitano tu vilitosha: asilimia 95.8 walikuwa salama baada ya miaka mitano, dhidi ya asilimia 94.6 ya waliopewa utaratibu mrefu. Vikao vitano ni wiki moja au mbili. Mtu wa Butare anaweza kumwomba shemeji yake wa Kigali kitanda kwa wiki mbili bila kuvunja undugu.

Ningekuwa mtu wa siasa ningeishia hapo na kudai vikao vitano kwa kila mwanamume. Lakini takwimu hizo zina upande wa pili. Katika PACE-B waliopewa vikao vitano walisumbuliwa na mkojo kuliko wenzao, asilimia 26.9 dhidi ya 18.3 katika ile miaka mitano. Dozi ikiwa kubwa kwa mkupuo, kosa la nusu sentimita halina kesho ya kulisahihisha. Inatakiwa mashine inayopiga picha kabla ya kila kikao, wanafizikia wenye muda, na umeme usiotikisika. Mashine za zamani za kobalti hazikuundwa kwa kazi hiyo. Tena wanaume wa utafiti ule walikuwa wa Ulaya na Amerika Kaskazini, wamegunduliwa mapema, saratani ikiwa bado changa. Wa kwetu hugunduliwa ikiwa imekua. Kwa mwenye saratani kali iliyotoka nje ya ganda la tezi, vikao vitano bado ni swali. Vikao 20 si swali tena, na ningetaka ndivyo viwe kawaida, na daktari anayetaka 37 ndiye aandike sababu.

Faida ya pili ni ya foleni. Kanombe ilianza na mashine mbili, kwa nchi ambayo sensa ya 2022 iliikuta na watu zaidi ya milioni 13.2, na mashine hizo hazitibu tezi dume peke yake. Kuna mlango wa kizazi, kuna matiti, kuna koo. Nafasi 39 za mgonjwa mmoja wa utaratibu wa zamani hutosha karibu wagonjwa wawili wa vikao 20. Ni kama kupata mashine nyingine bila kumwaga zege.

Nalitaja zege kwa makusudi, maana nikisema haya huku kwetu, jibu huwa moja: tujengewe yetu Rusizi. Naelewa tamaa hiyo. Tungeihudumia hata Bukavu, ng'ambo ya mto, ambako hakuna mashine ya mionzi. Lakini chumba cha mionzi ni kuta za zege nene sana, ni mkataba wa matengenezo wa kila mwaka, ni wanafizikia ambao hata Kigali hawatoshi. Na jirani zetu wametuonyesha mashine moja ya pekee hugeuka nini ikikosa matunzo. Uganda ilikuwa na mashine moja ya kobalti Mulago, iliyopatikana 1995. Mwaka 2016 ikaharibika kiasi cha kutotengenezeka, na nchi nzima, pamoja na wagonjwa wa Rwanda waliokuwa wakipelekwa huko, ikabaki bila mionzi mpaka mashine mpya ilipoanza kazi karibu miaka miwili baadaye, kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Tanzania nayo kwa miaka mingi ilitegemea Ocean Road peke yake, mtu wa Kigoma akivuka nchi nzima mpaka baharini Dar es Salaam, kabla Bugando ya Mwanza haijaanza kutoa mionzi. Kanda ya Magharibi ya Rwanda itahitaji kituo siku moja. Leo ningetumia fedha hizo kwanza kuongeza wataalamu na kumpa mgonjwa wa mbali mahali pa kulala.

Kulala ni jambo dogo machoni pa anayepanga bajeti, na ni kubwa kuliko yote machoni pa mgonjwa. Marekani yenyewe, pamoja na utajiri wake, iliona kwamba mtu hawezi kutibiwa kwa wiki nyingi akilala kwenye gari lake. Tangu 1970 chama chao cha saratani kimekuwa kikifungua nyumba za bure kwa wagonjwa wa mbali, ya kwanza Charleston, Carolina Kusini. Nyumba ya vitanda 40 Kanombe, yenye jiko ambalo mama aliyemsindikiza mumewe anaweza kupikia, ingegharimu sehemu ndogo sana ya bei ya mashine moja.

Mpaka hapa nimezungumzia wenye bahati, yaani wanaofika saratani ikiwa bado nyongani. Huku kwetu wengi hawafiki hivyo. Wanafika ikiwa mifupani.

Mlolongo wake unajulikana. Mwanamume wa miaka 60 na kitu anaanza kuumwa kiuno. Amelima maisha yake yote, kwa hiyo kiuno hakimshangazi. Ananunua vidonge dukani, anapakwa dawa za mitishamba, anaendelea. Mkewe anajua zaidi yake, maana mke ndiye anayehesabu mume ameamka mara ngapi usiku, lakini aibu inamzuia kulisema mbele ya mhudumu wa afya ya jamii, ambaye pengine ni binti wa jirani. Siku kiuno kinapomlaza ndipo anapelekwa kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, Gihundwe au Mibilizi, kisha Huye au Kigali kwa kipimo cha kinyama. Kufikia hapo saratani iko kwenye uti wa mgongo na nyonga.

Rwanda hii, nikumbushe, ilikuwa ya kwanza Afrika kuanzisha chanjo ya taifa ya virusi vya HPV, vile vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, kwa wasichana, mwaka 2011, na sindano zile zilifika mpaka shule za milimani. Kuwafikia watu wa Butare tunajua. Kwa wanaume hakuna chanjo, na kuwapima damu wote kwa kipimo cha PSA si jibu rahisi, kwa kuwa kipimo hicho huwakamata wengi ambao saratani yao isingewaua kamwe. Ila kumfundisha mhudumu wa afya kwamba maumivu ya kiuno yasiyoisha kwa mwanamume wa zaidi ya miaka 50, yanayomwamsha usiku, ni ya kupelekwa hospitali, hakuhitaji maabara. Wanaume hawa wataongezeka. Sensa ya 2022 ilikadiria umri wa kuishi Rwanda kuwa karibu miaka 70, na saratani ya tezi dume ni ugonjwa wa walioishi miaka mingi. Tume ya jarida la Lancet ilikadiria 2024 kwamba wagonjwa wapya duniani watapanda kutoka milioni 1.4 mwaka 2020 hadi milioni 2.9 mwaka 2040, na ikasema wazi kwamba ongezeko hilo haliwezi kuzuiwa kwa kubadili mwenendo wa maisha.

Kwa mwenye saratani mifupani, kikao kimoja cha grei 8 kwenye mfupa unaouma hufanya mengi. Waholanzi walilipima hilo kwa wagonjwa 1,171 na kuchapisha 1999: kikao kimoja cha grei 8 kilituliza maumivu sawasawa na vikao sita vya grei 4, takriban wagonjwa saba kati ya kumi katika kila kundi. Utafiti mwingine umekuja baada ya huo na kuthibitisha. Tofauti ni kwamba waliopewa kikao kimoja walirudiwa kwa mionzi mara nyingi zaidi, mmoja kati ya wanne, dhidi ya saba kati ya mia. Mpinzani atasema kurudi ni safari nyingine ya Nyungwe. Kweli. Lakini watatu kati ya wanne hawatarudi, na huyo wa nne, hata akirudi, amekwenda mara mbili badala ya kukaa siku sita.

Nimewahi kusikia hoja kwamba kikao kimoja ni tiba ya maskini. Ni kinyume. Toronto, hospitali ya Sunnybrook, tangu 1996 ina kliniki ya haraka ambapo mgonjwa wa maumivu ya mifupa huonwa, hupangiwa na hutibiwa siku hiyohiyo, wengi kwa kikao kimoja. Kama hilo linafaa kwa mtu anayekaa kilomita chache kutoka hospitali, kwa mtu wa Butare linafaa mara kumi. Mzee akijua kwamba ni kikao kimoja, anauza mbuzi. Akiambiwa wiki zisizojulikana, anauza ng'ombe au haendi.

Kati ya makundi haya mawili kuna la tatu ambalo husahauliwa: wale ambao saratani imetoka kidogo tu, mfupa mmoja au miwili. Utafiti wa STAMPEDE, uliofanyika Uingereza na Uswisi kwa wanaume 2,061, ulionyesha 2018 kwamba hawa wakipigwa mionzi kwenye tezi yenyewe, pamoja na dawa za homoni, waliokuwa hai baada ya miaka mitatu waliongezeka kutoka asilimia 73 hadi 81. Kwa waliokuwa na saratani iliyosambaa sana hapakuwa na faida ya kuishi. Nimeuleta utafiti huu kwa sababu ya ratiba yake. Daktari aliruhusiwa kuchagua vikao 20 kwa wiki nne, au vikao sita, kimoja kwa wiki kwa wiki sita. Kimoja kwa wiki! Mtu anapanda basi Kamembe Jumapili, anatibiwa Jumatatu, Jumanne yuko shambani kwake. Sijui ratiba gani nyingine ya hospitali iliyowahi kumfaa mkulima kiasi hicho, na iliandikwa na watu ambao pengine hawakuwa wakimfikiria.

Homoni nazo zina hesabu yake ya siku. Tangu Charles Huggins aonyeshe 1941 kwamba saratani hii hulishwa na homoni za kiume, jambo lililompa Nobel mwaka 1966, tiba imekuwa kuzikata. Leo hukatwa kwa sindano, nyingi za kila miezi mitatu, ghali, na kila sindano ni safari. Au hukatwa kwa upasuaji mdogo wa kuondoa korodani, unaoweza kufanyika hospitali ya wilaya, mara moja basi. Wanaume wengi wakisikia hilo huinuka na kuchukua kofia. Siwalaumu. Ila najua pia kwamba wengi hawaelezwi kwamba sindano ile huwaletea mabadiliko yaleyale mwilini, kwa polepole na kwa gharama. Mwanamume mzima aelezwe yote mawili akiwa amekaa, mkewe akiwapo kama anataka, na achague mwenyewe.

Nani analipa? Hapa kuna hatua iliyopigwa. Januari 2025 baraza la mawaziri liliidhinisha huduma mpya ziingizwe kwenye mituweli, yaani bima ya afya ya jamii, na matibabu ya saratani yakiwamo. Kwa familia iliyokuwa ikichangia faranga 3,000 kwa kichwa kwa mwaka, hiyo ilikuwa habari kubwa.  Lakini mituweli hulipa hospitali, hailipi basi wala chumba cha Kanombe wala wali wa mchana. Na ipo hatari moja ambayo ningependa wanaopanga bei waikwepe mapema. Popote bima inapolipa kwa kila kikao, hospitali hupata zaidi ikimpa mgonjwa vikao 39 kuliko ikimpa 20. Marekani imeumizwa na mpango huo kwa miaka mingi. Ushahidi wa vikao vichache ulikuwapo, na utumiaji ukabaki nyuma. Hakuna daktari aliyekuwa mwovu. Bei ndiyo iliyokuwa ikisema nao. Bei ya mionzi ya tezi dume iwekwe kwa kozi nzima, iwe sawa kwa vikao 20 au 37, na uone vikao 37 vitakavyopotea.

Kisha kuna simu. Hospitali ya wilaya inaweza kutuma picha za mifupa na majibu ya kinyama Kanombe kwa simu kabla mgonjwa hajatoka nyumbani, na daktari wa mionzi akajibu kwa sentensi moja: kikao kimoja, au vikao sita vya kila wiki, au wiki nne, au usimlete kabisa, mpeni morfini ya maji. Jibu la mwisho ni la kitabibu pia. Uganda inatengeneza dawa hiyo kutoka unga, kazi iliyoanzishwa na hospisi ya Anne Merriman tangu miaka ya 1990, na kwa mtu aliyebakiza wiki chache kikombe cha morfini kitandani pake ni bora kuliko saa sita za kona za Nyungwe.

Wizara ya Afya ikitaka mahali pa kuanzia, ianze na wale wa mifupa, kwa sababu kwao hakuna mashine mpya ya kununua wala utafiti wa kusubiri. Itengwe siku moja ya wiki, ijulikane katika kila hospitali ya wilaya kuanzia Mibilizi mpaka Nyagatare: mgonjwa ambaye picha zake zimetangulia akifika siku hiyo asubuhi, atapangiwa mchana na kutibiwa jioni, na tiketi yake ya kurudi ikatwe ya kesho yake.